Mwaka Mmoja wa Mzazi

Mhadhara kwa wauguzi, wakunga na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanga



Niliombwa nizungumze juu ya afya ya akili ya mama aliyejifungua, na ya watu waliopitia mambo mazito yakawaachia kiwewe. Nitaanzia mahakamani, ingawa mimi si mwanasheria. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kwamba mwanamke akisababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12, na wakati huo akili yake ilikuwa imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kuzaa au za kunyonyesha, kosa lake haliitwi mauaji ya kukusudia. Ataadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kenya na Uganda wanacho kifungu kama hicho, kwa sababu wote tumekirithi kutoka Uingereza. Waingereza wenyewe walitunga sheria ya kwanza mwaka 1922, ikimhusu mtoto aliyezaliwa karibuni tu. Mwaka 1927 ikaja kesi ya mama ambaye mtoto wake alikuwa na siku 35, na mahakama ikaona kwamba siku 35 zimezidi, mtoto huyo hahesabiwi tena kuwa aliyezaliwa karibuni. Ilibidi ingojewe sheria ya mwaka 1938 ndipo mpaka ukasogezwa hadi miezi 12.

Basi sheria inajua kitu ambacho majirani wengi hawakubali kukijua: kwamba kuzaa kunaweza kumvuruga mtu akili, na kwamba hatari hiyo haiishi siku damu inapokatika. Katika taasisi zote zinazomgusa mzazi, ni sheria peke yake iliyompa mwaka mzima, na inampa mwaka huo baada ya mtoto kufa. Kliniki humpa siku 42. Mwongozo wetu unataka aonekane ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Baada ya hapo anayekwenda kliniki ni mtoto, mama ni mbebaji. Mila humpa arobaini. Nimekuja kuwaomba huo mwaka tuutoe mapema, wakati wote wawili wangali hai, na wa kuutoa ni ninyi mlioketi humu.

Arobaini nisiitaje nikaipita. Sisi wa pwani tunaijua: mzazi amekaa ndani, anakandwa kwa maji ya moto, tumbo limefungwa, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, na usiku kuna mkono mwingine wa kumpokea mtoto akilia. Uchagani wanampikia mtori. Wakikuyu wana njahi zao. Ukiondoa mapambo yote, kilichomo ndani ya arobaini ni chakula, usingizi, kuguswa kwa upole, na mtu mzima asiyeondoka. Mtaalamu akiulizwa atoe orodha ya mambo ya kumkinga mzazi na sonona, hataongeza mengi juu ya hayo.

Lakini arobaini ina mawili yasiyosemwa. La kwanza, inakatika ghafla. Siku ya 39 mzazi alikuwa na watu watatu wa kumhudumia, siku ya 41 yuko kisimani au jikoni, na wote wanamtazama kama mtu aliyepona. La pili, nyumba haiwi salama kwa kuwa ina wanawake wengi ndani yake. Kuna anayehesabiwa kila kijiko cha uji, kuna aliyezaa mtoto wa kike wa nne na hakuna anayempongeza, kuna binti aliyezalia kwa wazazi wake akafichwa chumba cha uani hadi watu wasahau. Na mjini, kwa wapangaji wa chumba kimoja, arobaini imebaki jina. Mama mzazi amekuja na basi kutoka Lushoto, amekaa wiki mbili, mahindi yanamngoja shambani, amerudi. Huyo binti aliyebaki na mtoto mikononi na mume anayetoka alfajiri kurudi usiku, nani anamwona?

Tujue kwanza tunatafuta nini. Siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua, wazazi wengi, zaidi ya nusu, hulia bila sababu ya kueleweka, huchukizwa upesi, hucheka na kulia ndani ya saa moja. Hilo hupita lenyewe ndani ya wiki mbili, na dawa yake ni kumwacha alie huku mtu akimshikia mtoto. Sonona ni kitu kingine. Inadumu. Inaweza kuanza kabla ya kujifungua, inaweza kuanza mwezi wa tatu au wa sita baadaye, na mara nyingi haina machozi kabisa: ni mama aliyekauka, anayefanya kila kitu kama anavyotakiwa na hasikii chochote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 16 kati ya 100 hupata tatizo la akili wakati wa ujauzito, hasa sonona, na karibu 20 kati ya 100 baada ya kujifungua. Ukiwa na wazazi 30 kwenye benchi la kliniki asubuhi moja, chukulia sita.

Cha tatu ni nadra, kiasi cha mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, nacho ni dharura kama kutoka damu. Ndani ya wiki mbili za kwanza mama anakosa usingizi hata mtoto anapolala, anasema kwa kasi au ananyamaza kabisa, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ametumwa na kitu, na saa mbili baadaye unamkuta mzima anakupikia chai. Uzima huo wa muda usiwadanganye. Huyo asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akishatibiwa hupona, na wengi hupona kabisa. Familia ikitaka kwanza kumpeleka kwa anayemtoa mashetani, msibishane nao juu ya mashetani. Waambieni hospitali leo, na mengine yatafuata mkitoka. Nimeona ubishi wa namna hiyo ukila siku tatu ambazo mgonjwa hakuwa nazo.

Sasa nataka niwapeleke Kasangati, kaskazini mwa Kampala. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja Mwingereza, John Cox, alikuwa akifundisha Makerere, na kwenye kituo cha afya cha Kasangati akawa anawahoji wajawazito na wazazi wa vijiji vya jirani. Wakati huo wasomi wengi wa Ulaya waliamini kwamba Mwafrika hapati sonona, au akiipata huisikia mwilini tu. Cox aliikuta. Aliikuta kwa kiwango ambacho hakikutofautiana sana na kile alichokikuta baadaye kwa akina mama wa Scotland. Alikuta pia kwamba Waganda walikuwa na ugonjwa wao wa mzazi, amakiro, wenye dalili za kuchanganyikiwa, na kwamba watu waliueleza hivi: mama alitoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. Walisema hata kwamba mwenye amakiro anaweza kutaka kumla mtoto wake.

Fikirini maelezo hayo yanafanya kazi gani ndani ya nyumba. Mama anaanza kuona giza, anawaza mambo ya kutisha juu ya mtoto, na tayari anajua watu watasema nini akifungua mdomo. Kila dalili imegeuka ushahidi. Msidhani haya ni ya Buganda pekee. Hapa kwetu ataambiwa alivunja mwiko, amerogwa na mke mwenziwe, imani yake ndogo, au, kwa lugha ya kileo, hampendi mtoto. Katika nyumba ya namna hiyo mgonjwa mwenye akili ananyamaza.

Cox aliporudi Scotland alitunga, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, dodoso la maswali 10 lililochapishwa mwaka 1987 na kupewa jina la mji wa Edinburgh. Leo linatumika dunia nzima, na kwa Kiswahili lipo. Ninalipenda kwa ujanja wake mmoja. Wagonjwa wengine wa sonona huulizwa kama wamechoka, kama wanalala, kama wanakula. Mzazi yeyote ukimuuliza hayo atajibu kwamba amechoka na halali, kwa sababu ana mtoto. Dodoso hili likayaruka karibu yote. Linauliza kama bado anacheka, kama anajilaumu kwa mambo yasiyo kosa lake, kama anapatwa na hofu isiyo na sababu, kama huzuni yenyewe ndiyo inayomnyima usingizi. Linauliza habari za siku 7 zilizopita tu. Swali la 10 linauliza kama amefikiria kujidhuru, na jibu la swali hilo hutazamwa pia peke yake: akijibu ndiyo, hata kama mengine yote ni sifuri, mazungumzo hayaishi hapo.

Najua mnachowaza. Maswali 10, foleni imefika mlangoni, nesi ni mmoja. Basi anzeni na mawili. Mwezi huu uliopita, umekuwa mara nyingi na huzuni au kukata tamaa? Mwezi huu uliopita, mambo uliyokuwa ukiyafurahia yamekosa ladha? Maswali hayo mawili yalipimwa na Mary Whooley na wenzake huko San Francisco mwaka 1997, na Waingereza wameyaingiza katika miongozo yao ya wajawazito na wazazi. Akikana yote mawili, mwache aende na kadi yake. Akikubali moja, ndipo mtoe yale 10, siku hiyo au mwite kesho.

Na nafasi ya kuuliza mnayo. Mtoto huletwa kwa chanjo akiwa na wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9, kisha miezi 18. Hakuna mfumo mwingine nchini unaomfikia mwanamke kwa uaminifu namna hiyo. Anavaa kanga nzuri, anapanga foleni, mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, uzito unaandikwa, anachomwa sindano, basi. Mama mwenyewe amesimama pale mara tano, na mara zote tano hakuna aliyemuuliza habari zake kwa namna inayoruhusu jibu lingine zaidi ya nzuri.

Jinsi ya kuuliza ni nusu ya kazi. Sikuwa nimekusudia kusema mengi juu ya hili, lakini ninawasikia wauguzi wanaosoma maswali kama wanaoita mahudhurio: "Hujawahi kutaka kujidhuru, eeh?" Swali lenye jibu lake ndani yake ni afadhali lisiulizwe. Wala msimuulize mzazi huku mama mkwe amesimama hapo ameshika mwamvuli. Mpeni mama mkwe mtoto akampime, mzazi abaki nanyi. Na msiogope swali la kujidhuru. Kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Aliye nalo hupata nafuu kwa kulitaja mbele ya mtu ambaye hakuruka kwenye kiti.

Hapa kuna kikwazo ambacho ninyi hamkukiweka. Sheria yetu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Hapa kwetu ndugu wa mgonjwa bado wana sababu ya kudanganya mapokezi kwamba alikosea chupa ya dawa, na mgonjwa akitibiwa tumbo anarudishwa nyumbani. Kuwaza si kosa, na mama aliyekuambia anawaza hajakiri jinai yoyote. Mwambieni hivyo kwa maneno mepesi, kwa sababu wengi hawajui.

Nageukia kiwewe, na sitoki leba. Wapo wanaozaa salama kwa vipimo vyetu vyote, mama mzima, mtoto mzima, kadi imejazwa, na mama hawezi kupita barabara ya hospitali bila moyo kumwenda mbio. Alitokwa damu akasikia watu wanakimbia na hakuna aliyemwambia kitu. Alipasuliwa ganzi haijakolea. Alipigwa kofi kwenye paja akiambiwa asukume. Anaota usiku, anakwepa kila kinachomkumbusha, anashtuka mlango ukigongwa. Hali hiyo ikipita mwezi na kumzuia kuishi, ni ugonjwa, uleule ambao Wamarekani waliuingiza kwenye kitabu chao cha utambuzi mwaka 1980 baada ya askari waliotoka Vietnam. Kati ya wanaojifungua kwa ujumla huwapata kama 4 kati ya 100. Kwa waliopata matatizo makubwa, waliozaa njiti au waliopoteza mtoto, ni wengi zaidi mara kadhaa.

Mkoa huu una ushahidi wake, na si wa kujivunia. Watafiti waliokwenda Korogwe na Muheza waliwauliza wanawake, wakiwa wanatoka tu wodini, kama walitukanwa, kupigwa, kuachwa peke yao au kudharauliwa. Karibu 19 kati ya 100 walisema ndiyo. Baadhi yao walifuatwa nyumbani wiki 5 hadi 10 baadaye wakaulizwa maswali yaleyale, na hapo waliosema ndiyo walikuwa 28 kati ya 100. Mengi yanaweza kueleza tofauti hiyo, nami naamini hili: getini bado unamwogopa aliyekutukana, kwa kuwa utamrudia kwa chanjo. Anayepima ubora wa huduma kwa fomu ya kutokea wodini anapima pia hofu.

Kisha kuna anayeingia leba akiwa na kiwewe tayari. Utafiti uliofanywa Muhimbili kwa wajawazito karibu 1,200 ulionyesha kwamba zaidi ya robo walikuwa wamepigwa au kulazimishwa kingono na mwenza wao katika mimba hiyo hiyo, na hao ndio waliokuwa na dalili nyingi za sonona, hofu na kiwewe. Mkunga anamwona tu mama "msumbufu", anabana miguu, hataki kupimwa njia, anaganda hajibu. Mwili wake umerudi mahali ambapo mtu mwingine alimfanyia alivyotaka. Matibabu yenu hapo hayahitaji shahada: mweleze unachotaka kufanya kabla hujagusa, mwambie akisema basi utaacha, na akisema basi, acha. Funga pazia. Kama anataka kulala ubavu, alale ubavu. Hayo hayaongezi hata dakika tano kwenye uzazi wa saa kumi.

Tukio kubwa likitokea, wengi hukimbilia kumtaka mtu asimulie kila kitu papo hapo "ili atoe moyoni". Mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, tarehe 7 Agosti 1998, yaliua zaidi ya watu 200, na maelfu walijeruhiwa, wengine wakapofushwa na vioo. Miaka ile dunia nzima iliamini kikao kimoja cha kusimuliana upesi baada ya janga. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba kikao cha aina hiyo hakizuii kiwewe, na baadhi ya watu kinawazidishia. Kinachoshauriwa sasa katika siku za mwanzo ni kidogo na cha kawaida: hakikisha yuko salama, mpe maji, blanketi, simu ya kumpigia ndugu, msikilize akitaka kusema na muache akinyamaza, mjulishe mahali pa kupata msaada. Akinyamaza wiki nzima si lazima awe mgonjwa. Watu wengi hupona kwa miguu yao. Simulizi yenye mpangilio ina wakati wake, kwa yule ambaye mwezi umepita na bado analala na taa imewashwa.

Na je, ikifika wakati huo, nani amsikilize, ilhali madaktari wa akili nchini ni wa kuhesabika? Swali hili limejibiwa karibu na sisi. Ni Kivu, mashariki mwa Kongo, nchi ambayo Daktari Denis Mukwege na hospitali yake ya Panzi, Bukavu, wamewatibu makumi ya maelfu ya wanawake waliobakwa, kazi iliyompatia Nobeli ya Amani mwaka 2018. Katika vijiji 15 vya Kivu Kaskazini na Kusini, wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono au kuushuhudia waligawiwa kwa vijiji. Baadhi ya vijiji vilipata mshauri wa kuongea naye mmoja mmoja. Vingine vilipata tiba ya kikundi: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha 11 vya wanawake wachache pamoja. Walioiendesha walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapohapo, wenye elimu ya sekondari, waliopewa mafunzo ya wiki mbili na kusimamiwa muda wote. Mapigano hayakuwa yameisha. Wengi wa wanawake hawakujua kusoma, kwa hiyo kazi za kuandika ziligeuzwa za kukariri. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au hofu kubwa katika vikundi walikuwa 9 kati ya 100. Kwa waliopata mshauri peke yake, 42 kati ya 100. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Ndani ya vikundi vile mwanamke hakulazimishwa kusimulia alivyobakwa mbele ya wengine. Alifundishwa kukamata fikra moja inayomrudia, kwa mfano kwamba yalimpata kwa sababu alikwenda shambani peke yake, kisha kuiuliza kama shahidi anavyoulizwa: wengine hawaendi shambani? Aliyebeba silaha alikuwa nani? Fikra hiyo ya kujilaumu ndiyo inayomfunga mtu ndani miaka 10 baada ya majeraha kupona. Ni ndugu wa yale maelezo ya amakiro, na ndiyo maana mzazi na aliyeumizwa nimewaweka katika mhadhara mmoja.

Kwa wazazi wenyewe mfano mkubwa umetoka Pakistani, vijijini karibu na Rawalpindi. Atif Rahman na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kike wa vijijini, wenye elimu ya sekondari, wawatembelee wajawazito wenye sonona mara 16, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100; kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo walikuwa 53. Matokeo yalitoka mwaka 2008, na Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake cha mafunzo mwaka 2015. Walifanya busara moja ambayo naiheshimu sana. Mlangoni hawakusema wamekuja kutibu ugonjwa wa akili wa mkamwana. Walisema wamekuja ili mtoto akue vizuri, jambo ambalo hakuna bibi anayelikataa, na bibi akaombwa asaidie. Mimi sioni udanganyifu hapo, maana mtoto naye anafaidika.

Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa Mbare, Harare, wakikaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na benchi hilo limeshafika Zanzibar. Ninalitaja ili msije mkaniambia vijana tu ndio wanaofundishika.

Dawa zipo pia, na neno juu yake litoshe. Mama mwenye sonona kali anahitaji dawa, na kunyonyesha si sababu ya kumnyima. Sertraline, kwa mfano, hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Ila dawa nyingine za zamani ni hatari zikimezwa kwa wingi, kwa hiyo aliyejibu ndiyo kwenye lile swali la 10 apewe za siku chache, na mtu mwingine azitunze.

Nirudi kwenye zahanati yenu. Kabla ya kumuuliza mzazi wa kwanza, jueni mtampeleka wapi. Andikeni ukutani majina mawili: mhudumu wa afya wa jamii atakayemtembelea mwenye dalili za kawaida, na namba ya hospitali ya wilaya au mkoa kwa mwenye dalili kali. Aulizwe nauli anayo au hana, kwa kuwa rufaa bila nauli ni karatasi. Anayerudi wiki ya 10 aulizwe tena hata kama wiki ya 6 alikana. Na pale wiki ya 14 inapopita na chanjo ya miezi 9 iko mbali, kuna pengo la zaidi ya miezi mitano lisilo na chanjo ya kumleta. Hilo ni la wahudumu wa jamii. Mzazi aliyewahi kusema ndiyo atembelewe katikati, angalau mara moja kwa mwezi, hadi mtoto atimize mwaka.

La mwisho ni lenu wenyewe. Wale wasaidizi wa Kivu hawakuachwa peke yao na hadithi walizozisikia. Walikuwa na msimamizi wa kumweleza mgonjwa gani amewashinda na hadithi ipi imewanyima usingizi. Mkunga aliyefiwa na mzazi mikononi usiku, asubuhi anaandika ripoti ya kifo, anaulizwa kwa nini alichelewa kutoa rufaa, na saa mbili usiku anarudi zamu kwenye kitanda kilekile. Katika zahanati yenye nesi mmoja hakuna wa kumsikiliza, kwa hiyo naiomba ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ianze na simu moja kwa kila zahanati, siku moja maalumu ya wiki, ya nusu saa, isiyoulizia takwimu za chanjo wala dawa zilizoisha. Mpigaji awe mtu asiyeandika ripoti ya utendaji ya anayepigiwa. Akiwa ni bosi wake, atajibiwa nzuri.